Joto la Januari, sare za shule na mtoto wa miaka miwili: nimshughulishe na nini bila gharama?

MamaZubeda_Tandika

Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri kwa wenye watoto wadogo, hasa mnaoishi nyumba za kupanga huku kwenye joto.

Nina watoto wawili. Zubeda ana miaka kumi, mdogo wake Nasri ana miaka miwili na miezi mitatu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Tandika, barazani, nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Desemba nzima sikusumbuka kwa sababu Zubeda alikuwa likizo, na ndiye aliyeshinda na mdogo wake kutwa. Shule zimefunguliwa wiki iliyopita. Tangu hapo Nasri akiamka tu anakwenda mlangoni kumsubiri dada yake. Akichoka kusubiri ananijia mimi.

Na kwa fundi wa sare, Januari ndiyo mwezi wenyewe. Kodi yangu ya miezi mitatu inatoka hapa. Hivi ninavyoandika nina mashati meupe kumi na manne na sketi za bluu tisa hazijaguswa, na wazazi wanapita kila jioni kuulizia. Siwezi kusema nipumzike. Lakini nikikanyaga cherehani dakika tano, Nasri yuko chini ya meza anashika pedali, au kabeba mkasi, au anavuta uzi mpaka koni inadondoka. Juzi nilimkuta ana sindano ya mkono mdomoni. Niliitoa taratibu, akanichekea. Nilitetemeka mikono nikashindwa kutunga uzi siku nzima iliyobaki.

Joto lenyewe mnalijua. Chumba changu ni bati bila dari, kuanzia saa tano asubuhi ndani hakukaliki. Feni iko moja na luku haikai. Uani kuna mwembe wa mwenye nyumba, lakini kivuli chake kinahama, ikifika saa nane kiko upande wa choo. Mtoto ana vipele vya joto shingoni na mgongoni, hataki nguo, analia ovyo.

Kwa siku naweza kutenga shilingi 500, siku wateja wakilipa labda 1,000. Gari la plastiki nililomnunulia sikukuu kwa 5,000 lilidumu siku mbili. Kituo cha kulea watoto kipo mtaa wa pili, ila ada yao kwa mwezi huu siwezi. Nikajaribu simu. Siku ya kwanza alitulia saa tatu nzima, nikamaliza mashati matano. Siku ya nne akawa anaamka anaidai kabla ya chai, na chaji ikiisha anajitupa chini mpaka majirani wanatoka vyumbani.

Na maji tunanunua, ndoo ya lita ishirini shilingi 100. Nawaambia mapema ili asije mtu akasema nimjazie beseni mara tatu kwa siku.

Wenzangu mnafanyaje kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri?

Mpole_Ukonga

Pole sana dada. Kwa upande wangu sitakuficha, mimi nilimwachia simu. Nilikuwa na kibanda cha chipsi, mafuta yanachemka, mtoto anazunguka miguuni. Bora simu kuliko kuungua. Pakua katuni za Kiswahili usiku bando likiwa rahisi, weka sauti ndogo, fanya kazi. Sare zikiisha utamwachisha. Usijilaumu.

BabaPacha_Moro

Mimi ni seremala, nipo Morogoro, nina pacha wa kiume wa miaka mitatu sasa. Nakueleza kitu kimoja tu ninachokijua.

Nenda kwa fundi seremala yeyote wa hapo mtaani, mwombe mabaki ya mbao. Tunayatupa au tunampa mama ntilie awashie moto. Mwombe akukatie vipande kumi na viwili hivi, vya ukubwa wa sabuni ya mche ukiikata mara nne, na avipige msasa kona zote. Hapaswi kukudai hela. Usikubali mbao za zamani zenye rangi, wala zilizopakwa dawa ya mchwa. Wangu vile vipande wanavyo mwaka wa pili. Leo ni nyumba, kesho ni mikate, juzi vilikuwa ng'ombe wamepangwa mstari wanakwenda mnadani.

La pili, gari. Dumu tupu la mafuta ya kula la lita tano, magurudumu kata kwenye kandambili iliyokatika, ekseli ni kijiti cha mwanzi. Mbele kamba fupi ya kuvutia, isizidi urefu wa mkono wake ili isimzunguke shingoni. Toboa upande mmoja wa dumu tundu kubwa, liwe lori la kubeba mizigo. Usitumie waya. Kama huna budi, ncha zote zikunjwe na kufunikwa na kipande cha mpira. Mmoja wa wangu alichanika kiganja na waya niliousahau, na kile kilio bado nakisikia.

Bibi_Ngamiani

Mama Zubeda mwanangu, pole na kazi, na pole na lile la sindano. Nimefundisha chekechea hapa Tanga miaka ishirini na miwili, na sasa nalea mjukuu wa umri huo huo wa Nasri. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na watoto thelathini na tisa chini ya mkorosho, ubao mmoja, na hakuna hata mdoli. Kwa hiyo habari ya kukosa hela ya vifaa naijua.

Nimesoma ulichoandika mara mbili. Umesema Nasri anasumbua. Mimi naona Nasri amefiwa na kazi yake. Desemba alikuwa na dada yake, wanatumwa dukani pamoja, wanateka maji pamoja, anabeba kikombe nyuma yake. Ghafla dada kaondoka na kazi imeondoka naye. Sasa amekuja kwako kuomba kazi nyingine, na kazi anayoiona ni cherehani. Ndiyo maana gari la 5,000 halikumkaa. Mpe ushonaji.

Chukua boksi la katoni, ligeuze, likate upande mmoja miguu yake iingie. Hiyo ndiyo meza yake. Iweke barazani upande ambao akikaa unamwona uso, isiwe mgongoni kwako. Juu yake mpe koni tupu za uzi, kipande cha chaki, futi kamba iliyofutika namba ukiwa unamwangalia, na mabaki ya vitambaa. Mabaki unayo ya rangi mbili, nyeupe na bluu. Weka bakuli mbili. Mwambie nyeupe kwa shati, bluu kwa sketi. Mwanzoni atachanganya, usimsahihishe kila mara, chukua kimoja tu ukiweke mahali pake naye anaona. Miaka miwili na miezi mitatu ndio umri anaoanza kuipenda kazi ya kutenga vitu. Akimaliza, zimwage, aanze upya. Kwake hiyo si adhabu.

Halafu mtume. Nakwambia hili kwa msisitizo kwa sababu wazazi wa sasa wanaliona ni utumwa. "Mpelekee mama fulani hii koni, mwambie nimetuma." Jirani apokee, amshukuru, amrudishe na kitu kingine. Zungumza na majirani zako wawili waaminifu ndani ya ua huo huo. Safari tatu za chumba hadi chumba zinamchosha vizuri kuliko mchezo wowote, na maneno yataongezeka mdomoni mwake utashangaa.

Sasa muda. Mtoto huyu hakai kwenye jambo moja zaidi ya dakika tano, kumi. Ukiona amekaa robo saa, usimwite, usimsifu, usimpige picha. Mwache. Kwa hiyo vitu vyake usivitoe vyote pamoja. Tafuta mifuko minne, labda mmoja wa vitambaa, mmoja wa mbao za huyo baba wa Morogoro, mmoja wa vifuu na makopo, mmoja wa vibanio vya nguo na kamba. Unatoa mmoja, mingine inakaa juu ya kabati. Akichoka unaufunga mbele yake, unaleta wa pili. Wa jana ukirudi kesho ni mpya.

Kabla hujakanyaga pedali asubuhi, kaa naye chini kabisa kwa dakika kumi na tano. Usishike simu, usikate uzi, usiongee na mteja. Yeye ndiye aseme mnacheza nini. Nilikuwa na mtoto darasani aliyekuwa akinishika gauni kutoka saa mbili mpaka saa sita. Nikawa nampakata kwanza, kabla ya kuita majina. Baada ya wiki moja alikuwa anashuka mwenyewe kutoka mapajani na kwenda zake.

Panga na kazi yako upya kidogo. Kukata kwa mkasi, kupiga pasi, kutunga vifungo, vyote hivyo fanya amelala. Mlaze saa sita u nusu baada ya kula na kuoga, joto limekaza, hata yeye mwili unataka. Ukiwa naye macho, shona mistari mirefu tu. Na asubuhi kuanzia saa kumi na mbili u nusu hadi saa tatu, jua halijachachamaa, hapo ndipo atoke. Nenda naye sokoni kwa miguu yake, usimbebe. Mtachelewa, lakini hizo hatua zake ndizo zitakazomlaza mchana. Kuanzia saa nne hadi saa kumi asiwe juani.

Maji. Najua mnanunua, na huku Tanga najua Dar mlivyohangaika ule mgao wa 2022 mto Ruvu ulipopungua. Huhitaji ndoo nzima. Lita tano kwenye beseni, chini ya mwembe, saa nne hivi kivuli kikiwa bado upande wako. Mpe vifuu viwili vya nazi, wauza chapati na wali wanavitupa. Kwangua nyuzi zote kwa kipande cha chupa, sugua ukingo kwenye saruji mpaka uwe laini. Kimoja kitoboe matundu matatu chini. Hapo ana mvua, ana mashua, ana kikombe. Mpe kopo la maziwa na kitambaa chake afue. Funga kamba usawa wa kifua chake baina ya misumari miwili, aanike vipande vyake kwa vibanio, ukiwa umekaa hapo hapo, na mkimaliza kamba ifunguliwe. Vibanio vinafanya vidole vyake viwe na nguvu, baadaye atashika penseli vizuri. Mkimaliza, maji yale yale yadeki baraza au yamwagie mchicha. Yasilale kwenye beseni. Mbu wa homa ya dengi wanataga kwenye maji yaliyotuama hata ya kifuu kimoja, na wanauma mchana. Dar mmeipata 2014, mkaipata tena 2019.

Na hapa nisikilize mwanangu. Muda wote ana maji mbele yake, wewe uko hapo, si ndani, si dirishani. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukikilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akatumbukia, miguu inabaki juu, hawezi kujitoa, na hapigi kelele. Maji ya kina cha vidole vichache yanatosha kumuua. Ndoo zote za uani ziwe na mifuniko, na waambie na wapangaji wenzako. Mimi hili nimeliona kwenye msiba wa watu ninaowajua, siwezi kulisema nusu nusu.

Kuhusu sindano. Fundi redio akupe sumaku ya spika mbovu. Kila jioni ipitishe sakafuni chini ya meza, itaokota kila sindano na pini. Pini zako ziwe kwenye kijisponji ulichofunga mkononi, sio mezani. Vifungo kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu. Chochote kinachoweza kupita katikati ya kile kibomba cha karatasi kinachobaki toilet paper ikiisha, kinaweza kumkaba. Kwa hiyo vizibo vya soda, kokwa za ubuyu, maharage, karanga, hapana kwa sasa.

Vipele, muogeshe maji ya kawaida, mfute kwa kukandamiza bila kusugua, na mwache kifua wazi. Usimpake mafuta mazito wala kummwagia poda nyingi, vinaziba. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo kutwa. Akipata homa, au ukiona hakojoi kama kawaida, hiyo ni hospitali, usisubiri.

MamaZubeda_Tandika

Shikamoo bibi. Nimesoma na machozi yamenitoka hapo uliposema amefiwa na kazi yake. Sikuwa nimeliwaza hivyo hata siku moja.

Nina maswali mawili. La kwanza, hilo la simu, niikate kabisa? La pili, saa tano hadi saa sita u nusu ndio kipande kigumu kuliko vyote. Maji tumemaliza, kulala bado, joto limeshapanda, na mimi ndio wateja wananijia. Hapo nifanyeje?

Bibi_Ngamiani

Marahaba mwanangu.

Simu. Yule mwenzetu wa Ukonga nisimlaumu, mafuta ya moto na mtoto si mchezo, alichagua lililokuwa salama saa ile. Lakini Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo huo unasema awe anatembea, anakimbia na kucheza jumla ya saa tatu kwa siku. Hizo tatu ndizo nilizoziona mimi mkoroshoni. Usiikate kwa ghafla wakati huu wa kazi, mtapigana wote wawili. Ipe saa yake moja na isiwe asubuhi. Mimi ningempa nusu saa jioni, pamoja na Zubeda akiwa amerudi, waangalie wawili. Mchana simu ikae usipoonekana, chaji ijae isijae.

Hicho kipande cha saa tano, barafu. Kuna jirani au duka lenye friza linalouza barafu za mfuko? Siku moja kabla, mpe muuzaji mfuko wako wa maji ya kunywa yaliyochemshwa, umetumbukiza ndani ua la mwarubaini au jani la mwembe, akugandishie. Weka hilo pande la barafu kwenye sinia, mpe Nasri kitambaa na kifuu chenye maji kidogo, aliyeyushe mpaka alitoe ua. Mkono unapoa, mwili unapoa, na anayo sababu ya kuendelea. Liwe pande kubwa, asiweze kuliweka mdomoni. Mjukuu wangu jana alikaa nalo tangu nilipotia mchele kwenye maji mpaka wali ulipoiva.

UmmSalim_Muscat

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, niko Muscat mwaka wa kumi na moja, na huku kiangazi ni Juni hadi Agosti. Mchana inafika digrii 45, serikali inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita u nusu mchana mpaka saa tisa u nusu. Mtoto wa miaka miwili unamfungia ndani miezi mitatu. Kiyoyozi tunacho, lakini kukaa ndani siku tisini kuna uchungu wake.

Huku maji yako kwenye tangi juu ya paa, ukifungua bomba la baridi mchana linatoka la moto, unaweza kumuunguza mtoto. Mwaka wa kwanza sikujua. Sasa najaza ndoo usiku, naifunika, inalala jikoni, asubuhi ndiyo ya kuchezea. Nakwambia wewe pia kwa sababu umesema bati. Kama mna simtangi juani au dumu limekaa jua, weka kiwiko chako kwanza kabla ya kumtia mtoto.

Jambo lililoniokoa ni hema. Viti viwili, leso moja juu, nyingine chini. Kwenye leso yenye maandishi namsomea jina lake kama ndilo limeandikwa pale, anafurahi. Ndani ya hema kuna mto na kopo la kupiga ngoma. Kitu cha ajabu, mtoto yule yule aliyekuwa analia sebuleni, ndani ya hema anatulia, kwa kuwa pale ni kwake. Na baada ya Maghrib tunashuka pwani ya Qurum, bure, mchanga bado una joto la jua. Analala kama jiwe.

Na kingine, zungumza naye unaposhona. Mama yangu alikuwa akisuka ukili kule Makunduchi huku akitusimulia kila mkono wake unachofanya. "Huu unapita chini ya huu, sasa narudi." Hakutuimbia wala hakutuchezesha. Tulikaa.

MamaKibokoni

Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale. Kaskazi imevuma tangu Disemba lakini joto ni lile lile. Sina mengi. Wangu wa miaka miwili na nusu, siku moja kwa wiki nampeleka feri ya Likoni. Abiria wa miguu hatozwi hata senti. Twenda saa nne asubuhi watu wa kazini washapita, twavuka, twanunua dafu moja twanywa wawili, twarudi. Naona kwako ni kivuko cha Magogoni kwenda Kigamboni. Nauli yenu ni ndogo, nafikiri. Mshike mkono wakati wote, asisimame ukingoni. Meli zile kubwa zikipita, kijana wangu husema "babu yake feri". Wiki nzima yuwacheza feri na ndoo.

MamaZubeda_Tandika

Wanajamvi, nimerudi. Leo ni siku ya kumi na tatu, nieleze kilichotokea maana mmenipa muda wenu.

Meza ya boksi ilifanya kazi siku ya kwanza kwa dakika nne, nilihesabu. Nikasema bibi kanidanganya. Siku ya tatu nikagundua kosa, nilikuwa nimeiweka pembeni ya ukuta. Nikaisogeza mbele yangu, magoti yake na magoti yangu yanakaribia kugusana. Tangu hapo akisikia cherehani inalia, na yeye anatoa sauti ile ile kwa mdomo. Nikisimama, anasimama. Bakuli ya bluu ameielewa. Nyeupe anachanganya na kila kitu, hata ndala ya mteja aliitia kwenye nyeupe.

Fundi seremala wa kona alinipa vipande kumi na saba, akapiga msasa mwenyewe. Nilimpelekea kikombe cha uji.

Maji, nilianza na lita tano, sasa natumia tatu. Saa nne kamili, nakaa hapo hapo na kazi ya mkono, kupindisha mapindo, hapo sina haja ya cherehani, na sindano ninayotumia ni moja, imefungwa uzi mrefu mwekundu ili niione. Wapangaji wote wamekubali mifuniko isipokuwa mmoja aliyesema ndoo yake haina. Nikamkatia ubao. Sumaku siku ya kwanza iliokota sindano mbili na pini sita chini ya meza niliyokuwa nafagia kila siku. Nilikaa chini.

Hema halikufaa, ndani ya chumba chetu ni joto juu ya joto. Nililifunga nje kwa kanga kwenye mwembe, mwenye nyumba akalalamika kidogo kuhusu matawi, nikamwonyesha nimefunga shinani. Hapo amelala mchana mara tatu. Kutumwa kunampendeza kuliko vyote. Juzi alimpelekea jirani koni, akarudi na neno jipya, "asante mjumbe", analisema kwa kila mtu.

Barafu, mama wa friza ananigandishia kwa 100. Ndicho kitu pekee ninachotoa hela kila siku. Saa tano hadi saa sita bado ni ngumu, siku mbili alilia tu na sikushona. Simu anaipata jioni na dada yake, anaidai asubuhi bado, ila hajitupi chini.

Kivuko hatujaenda. Nimemuahidi Zubeda Jumapili baada ya kukabidhi kazi.

Dada wa Muscat, hilo la kumsimulia ninachofanya nililiona dogo, nikalijaribu siku niliyokosa yote. "Sasa mama anaweka kola. Sasa mama anageuza." Alikaa mpaka kola zote sita zikaisha.

Sasa hivi ni saa saba na robo. Amelala chini ya mwembe, mfuko wa vifuu uko kichwani pake kama mto, vipele vya shingoni vimekauka. Nimebakiwa na mashati manne na sketi moja. Bibi, yale mapindo ya sketi nikiyafanya naye macho, mkasi mdogo wa kukatia uzi niuweke wapi? Bado huo tu unanitisha.

Bibi_Ngamiani

Uning'inize shingoni kwa utepe, mwanangu, ncha ndani ya mfuko wa kitambaa ulioushona mwenyewe, mfuko uingie ndani ya gauni. Ukiinama kumwokota, ushike kwanza.